Nyasi Zilizopangwa Vizuri

Kwetu mwanamke hapandi juu ya paa. Acha nianzie hapo, kwa sababu vijana wa siku hizi wamezaliwa chini ya mabati na hawajui uzito wa neno hilo. Mwenye nyumba akifa, kile kijiti kinachosimama kileleni mwa nyumba ya nyasi huchomolewa, na kila apitaye njiani anaona na kujua kwamba humo hamna mume tena. Sasa mwanamke ambaye mumewe yu hai akipanda huko juu, akagusa kilele kwa mkono wake, anafanya nini? Anamzika mtu ambaye bado anakula. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa Kanazi nilikozaliwa, na nilikoolewa, upande wa barabara ya kwenda Nyakahura, nikakuta ni hivyohivyo.

Mimi nilipanda. Nilipanda mchana kweupe, mume wangu akiwa mzima wa afya, na paa lenyewe lilikuwa la nyumba ya Mungu.

Mume wangu alikuwa katekista wa kigango chetu. Mtu mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakuna mchumba aliyefunga ndoa bila kupita kwake kwanza. Aliwakalisha kwenye benchi nje ya kanisa, akawafafanulia yale maneno ya Mtume, kwamba mume ni kichwa cha mke kama Kristo alivyo kichwa cha Kanisa, na mke na atii. Nilikuwa napita na ndoo yangu, namsikia, na moyo wangu unakubali. Sikuona baya hapo. Hakuwa mlevi. Hakuwahi kuninyanyulia mkono. Kahawa ikiuzwa tulikaa chini tukapanga wote wawili. Mtu wa namna hiyo kumtii si kazi. Mimi niliishia darasa la pili, yeye ndiye aliyenifundisha kusoma Injili bila kuweka kidole kwenye mstari.

Halafu wakaja watu, wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Sitaeleza sana, wengine wameshaeleza. Barabara ilijaa watu, magodoro, masufuria, wazee wamebebwa mgongoni. Wakawekwa kambini Benaco, na Benaco ikawa mji mkubwa kuliko mji wowote niliouona maishani. Kutoka kwetu ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Miti ikaisha. Nyasi za kuezekea zikaanza kutafutwa mbali. Na wanaume wetu wakaondoka. Huyu kawa mlinzi wa ghala, yule anapakua magunia kwenye malori, mwingine anauza pombe ya ndizi. Mume wangu naye padre alimwomba akafundishe dini kambini, kwa kuwa watoto walikuwa wengi na makatekista wachache. Alikuwa anakuja Jumamosi kwa baiskeli, Jumapili anaongoza sala kwetu, jioni anarudi. Na Jumamosi nyingine hakuja.

Kigangoni tukabaki akina mama na wazee wenye mikongojo. Kichwa kilikuwa Benaco, kiwiliwili kilikuwa kinanyeshewa huku.

Maana paa la kanisa lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha, maji yalianguka juu ya altare, yakatiririka mpaka kwenye mikeka ya watoto. Padre akaleta habari kwamba atakuja kutoa komunyo ya kwanza. Tukawatumia wanaume ujumbe. Wakajibu, Jumamosi tunakuja. Jumamosi ikapita. Tukatuma tena. Wakajibu, Jumamosi.

Siku hizo kwenye shamba langu alikuwa anakuja mwanamke mmoja mkimbizi kulima kwa chakula. Alikuwa na watoto wawili wadogo, aliowaacha kambini kwa jirani yake. Mume hana. Sikumuuliza alimpotezea wapi, naye hakusema. Kihangaza chetu na lugha yake ni ndugu wa karibu, tulielewana vizuri tu. Alipalilia haraka kuliko mimi na hakupenda kuhurumiwa. Alinisikia nalalamika juu ya paa, akaegemea jembe.

"Dada, kwani nyasi mnazo?"

"Nyasi tutazipata. Wa kupanda ndiye hatuna."

"Kambini mwanamke asiyepanda analala nje. Nyumba yangu niliijenga mwenyewe. Mimi nitapanda. Mimi nina nani tena wa kumzika?"

Akaendelea, na maneno yake yameniganda mpaka leo. Alisema wale akina mama waliokwenda kaburini alfajiri walikuwa wanaulizana njiani nani atawavingirishia jiwe, lakini walikuwa wanatembea. "Wangekaa nyumbani kusubiri mwanaume wa jiwe," akasema, "habari njema angeipata nani?"

Basi tukatafuta njia ya kutokuvunja mwiko. Kuezeka kunataka watu wawili, mmoja juu na mmoja ndani. Wa juu anachoma sindano ya mti yenye kamba, wa ndani anaipokea, anazungusha kwenye fito, anairudisha. Tukakubaliana wajane wakae juu, wenye waume tukae ndani. Katika mafundisho yote ya mume wangu sikuwahi kusikia kosa la kusimama ndani. Tulijiona tuna akili sana.

Nyasi tulizifuata mbali, tukazileta kichwani matita kwa matita, mpaka utosi ukauma. Siku ya kuezeka wakapanda wajane: yule mkimbizi na bibi mmoja jirani yangu, mtu wa maneno makali. Asubuhi kazi ikaenda. Mkimbizi akafika juu ya altare, akafungua kanga yake, akatoa shitingi aliyokuwa ameikunja, lile turubai la plastiki wanalogawiwa kambini, kipande kizuri cha bluu, akakitandaza chini ya nyasi mpya.

"Hiyo umeitoa wapi?" nikamuuliza kutoka ndani.

"Kwenye ukuta wangu. Ukuta unaweza kusubiri, Mwili wa Bwana usilowe."

Mchana yule bibi akaanza kizunguzungu. Akang'ang'ania boriti kama popo.

"Nishusheni! Mnataka nimfuate marehemu leoleo? Hata hakuwa mume mzuri!"

Tukamshusha huku tunacheka. Lakini tulipotazama upande wa Biharamulo wingu lilikuwa limeshasimama, jeusi tititi, na upande mmoja wa paa ulikuwa wazi. Nyasi zingelowa zikiwa zimelegea zingeoza zote. Mkimbizi alikuwa juu peke yake, ananyoosha mkono apewe tita, na hakuna wa kumpa. Mgeni anaezeka nyumba yetu ya sala, na sisi wenyeji tumesimama chini na waume zetu walio hai.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikapanda.

Nitasema kweli yote. Nilifurahi. Upepo ulinipiga, niliona migomba yetu yote kwa juu, niliona moshi wa Benaco umelala upande wa pili kama ukungu. Nilifunga nyasi kwa mikono yangu, safu kwa safu, nazikata ncha zikawa sawa kama nywele za bibi harusi, na nilipofika kileleni nikashika kilele. Sikufikiria mtu. Kama ningepanda nikilia, pengine ningejisamehe mapema.

Mama mkwe wangu akatokea kwenye migomba, jembe begani.

"Shuka! Shuka hapo, mwanangu hajafa!"

"Mama, namwezekea Mungu."

"Mungu hana mke! Wewe una mume!"

Sikushuka mpaka nilipomaliza. Mvua ikanyesha jioni ile, tukasimama ndani wote tumeinua nyuso. Hakuna hata tone.

Padre alipokuja nilikuwa wa kwanza kwenye kiti cha maungamo. Nikamweleza. Akaniuliza kama nilifanya kwa kumdharau mume wangu. Nikasema hapana, padre, nilipanda tu. Nikamsikia anazuia kicheko.

"Mama, kupanda paa si dhambi. Nenda kwa amani."

"Na malipizi?"

"Malipizi ya nini?"

Nikatoka na mzigo wangu uleule. Mtu ukienda hospitali unaumwa, daktari akakuambia huumwi, unarudi na maumivu yako na aibu juu. Kwenye misa akazidisha. Akatazama juu, akasema hongereni akina mama. Mwaka ule redio ilikuwa inaimba Beijing, Beijing, kila saa haki za wanawake, basi naye akasema naona Beijing imefika mpaka kigangoni. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mume wangu alikuwa amekaa benchi la mbele. Niliona shingo yake tu. Shingo haikucheka.

Nyumbani hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Aliniuliza kitu kimoja.

"Ulishika kilele?"

"Nilishika."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuegesha baiskeli.

Mnadani Nyakahura ndiko walikommaliza. Alisimama kununua chumvi, mtu mmoja akamshika mkono kwa huzuni kubwa.

"Katekista, pole na msiba."

"Msiba gani?"

"Wako. Tumesikia mama ameshapanda."

Genge zima likaangua kicheko. Mwingine akamuuliza kama bado anakula au tayari anafukiziwa ubani. Mume wangu alikuwa mtu wa kupinga mambo hayo kabisa. Hirizi alizikusanya mwenyewe na kuzichoma nyuma ya kanisa. Lakini kichwa kinafundisha dini na tumbo linakumbuka mambo ya babu. Akaanza kujishika kifua. Akaanza kukohoa, kikohozi kidogo, kikavu. Jumapili akawa anaongozea sala mlangoni, mguu mmoja nje, eti ndani kuna joto. Chini ya paa langu hakuingia.

Akikohoa, mimi nashtuka. Nilimpikia uji wa ulezi, nilimtafutia asali. Najua alivyosema padre. Lakini padre hakuwa anamfulia mashati na kuona kola inavyozidi kulegea kwenye shingo.

Nina mjukuu wa kike, Mungu amweke. Yeye ndiye mwenyekiti wa jumuiya yao, anasimama mbele ya wanaume wazima anawaeleza Maandiko mpaka wanainama. Nikimwona hivyo natamani nipite nyumba kwa nyumba niwaambie huyo ni wa kwangu. Nilipomsimulia habari hii akapiga paja. "Bibi, wewe ulikuwa mwanaharakati kabla yetu! Huo wa babu ulikuwa mfumo dume tu." Labda anasema kweli, amesoma. Lakini huo mfumo dume yeye hakuusikia ukikohoa.

Dawa aliitoa mama mkwe. Alisema ni jambo dogo. Mwenye nyumba ashushe kwa mkono wake kile mke alichokipandisha, akipandishe upya yeye, na mke amkabidhi nyasi kutoka chini, watu wakiona. Basi, mambo yamerudi mahali pake. Mume wangu akamwambia hayo ni ya kipagani. Mama yake akamwambia sawa, endelea kukohoa kikristo.

Jumapili iliyofuata, sala zilipokwisha, aliwazuia watu nje ya mlango. Akainua macho juu ya paa.

"Ndugu zangu, nimelitazama paa letu. Akina mama wamejitahidi. Lakini nyasi zimepangwa vibaya. Itabidi nizishushe nizipange upya."

Akina mama wakaanza kunung'unika. Yule bibi wa kizunguzungu akasema kwa sauti, "Vibaya? Limevuja wapi?"

"Halijavuja bado," akasema mume wangu.

"Basi subiri livuje, Katekista."

Watu wakacheka, na nikaona jasho juu ya midomo yake. Ndipo aliponigeukia mimi. Mbele ya kigango kizima, mbele ya mama yake, mbele ya yule mkimbizi aliyekuwa amesimama kando na mikono imechubuka kwa kamba zetu.

"Mama watoto, wewe ulikuwa juu. Unajua. Nyasi zilipangwa vibaya, sivyo?"

Hakuwa anaamuru. Ningeweza kukataa amri. Alikuwa ananiomba, na macho yake yalikuwa ya mtu anayezama. Nikisema hapana, atarudi Benaco na kicheko kile mgongoni, na kanisani haingii tena, na katekista asiyeingia kanisani ni nini? Na kikohozi kile kitaendelea, nami nitakuwa nakisikiliza. Nikisema ndiyo, wenzangu hawa wote walibeba nyasi utosini mpaka nywele zikakatika.

Nilimtazama mkimbizi. Alikuwa anatazama chini.

"Ndiyo," nikasema. "Tulizipanga vibaya."

Nakumbuka kuku wa jirani alikuwa anakwaruza ardhi, basi.

Alipanda siku ileile, na panga. Alikata kamba zetu moja moja, nyasi zikawa zinaanguka zikiwa bado na harufu ya mbugani. Hakujua kuna shitingi. Panga likapita katikati yake, likachana kutoka upande huu hadi ule. Sikumwonya. Nilikuwa naijua ilipo, kinywa changu kilikuwepo, na sikusema, kwa sababu ningesema ningeonyesha kwamba kazi niliyoiita mbaya naijua yote kwa moyo.

Mkimbizi akaiokota. Akaitandaza chini, akaitazama, kisha akaikunja polepole, ule upande uliochanika akauweka ndani ili mimi nisiuone. Akaiweka chini ya kwapa, akaondoka bila chakula chake.

Na mimi nikainama, nikaokota tita la kwanza, nikampa mume wangu. Nikampa la pili. Akina mama wenzangu wakaondoka mmoja mmoja, hata mikeka yao wengine waliisahau.

Mume wangu alikuwa mtu wa kitabu, hakuwa mwezekaji. Alipanga nyasi kama mtu anayeweka nguo chafu. Lakini aliingia kanisani, akasimama chini ya kazi yake, akaimba kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu. Kikohozi kikaisha. Hakikufifia taratibu, kiliisha. Niambieni nyie mliosoma, niamini nini? Kwamba nilikuwa namuua kweli? Au kwamba tuliharibu paa zuri kwa ajili ya kikohozi cha aibu? Nimezeeka nikiulizana na nafsi yangu. Yeye aliishi miaka mingi baada ya hapo na alikufa mzee, kitandani kwake, na hata siku ile nilijiuliza.

Mvua iliyofuata, paa likavuja. Lilivuja upande wa akina mama. Wakaleta masufuria, wakayapanga kati ya magoti yao, maji yakawa yanalia ti, ti, ti, na mume wangu akawa anapandisha sauti ili ayashinde. Yule bibi akawa na salamu yake mpya kwangu, na hakuiacha mpaka alipokwenda kaburini:

"Mama Katekista, shikamoo. Za leo zimepangwaje?"

Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Kunipa mimi shikamoo lilikuwa tusi tosha.

Mkimbizi hakurudi shambani. Nikangoja apite. Mwisho nikajaza kikapu maharage, nikatembea mpaka Benaco. Niliuliza, niliuliza, nikapotea kati ya vibanda vinavyofanana, mpaka mtoto wake mkubwa akanitambua akanishika kanga. Nyumba yake ilikuwa na shitingi pande tatu. Upande wa nne alikuwa ameshona magunia ya chakula cha msaada, na tope limeruka mpaka ndani, mpaka kwenye mkeka wa watoto.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilipomwona yakatoka yote hovyo. Nikamwambia nyasi zilipangwa vizuri. Nikamwambia nilisimama mbele ya watu wote nikakana, na nilijua.

Alikuwa anachambua maharage yangu tayari, anatupa yaliyotobolewa.

"Najua ulijua," akasema.

"Nikaribishe basi hata kwa tusi. Nimetoka mbali."

Akacheka kidogo. Kisha akaacha maharage.

"Dada, wangu angekuwepo akaniuliza vile, kwa macho yale, ningesema hivyohivyo. Ningesema hata nyumba niibomoe nitabomoa. Nenda nyumbani. Una mtu wa kumwambia uongo, nenda."

Nilikuja kutafuta malipizi, na huyu naye akaninyima kama padre.

Nilipoinuka akachukua kikapu changu, kwa sababu kwao kama kwetu kikapu hakirudishwi kitupu, akanitilia unga. Ule unga wa njano wa mgao. Nilikataa. Akanikazia macho mpaka nikaupokea.

Jumamosi mume wangu alipokuja nikausonga. Alipoona rangi ya ugali akauliza, "Unga wa wakimbizi huu. Umeupata wapi?"

"Nimepewa na mwenye shitingi ile ya paani."

Akalitazama tonge mkononi. Nilisubiri aseme kitu. Nilimsubiri kabisa.

Akala. Nami nikala.